Benchi la Mchanganyiko Rasmi

Ninayo furaha kubwa kuutangazia umma wa Isiolo, na dunia kwa jumla, kwamba mradi wa kugeuza taka za plastiki kuwa bidhaa zenye manufaa umefaulu kupita matarajio. Bidhaa moja imekamilika. Inatumika kila siku, asubuhi na jioni, na watumiaji wake hawajaleta lalamiko hata moja. Kwa kuwa kumekuwa na maneno mitaani kuhusu jinsi bidhaa hiyo ilivyopatikana, na kwa kuwa baadhi ya maneno hayo yanahusu suruali yangu, nimeona vyema kutoa taarifa kamili.

Naitwa Kaberia. Mimi ni Kaimu Mkurugenzi wa Mchanganyiko katika Mamlaka ya Taka Zenye Thamani. Ugatuzi ulipokuja, watu walidhani utaleta maji na barabara tu. Sisi pia tulikuja. Mamlaka yetu ina ofisi, ua, bendera na maafisa kumi na saba, ambao kumi na wanne kati yao ni wakurugenzi. Wengine watatu ni mlinzi, dereva na mwanasheria.

Utafiti wetu wa kwanza ulifichua jambo la kutisha. Wananchi walikuwa wakichanganya plastiki kiholela! Chupa ya maji, ndara iliyokatika, beseni lililopasuka, mtungi wa mafuta ya kupikia, vyote shimo moja, bila barua na bila afisa kushuhudia. Tukaandika Mwongozo. Kifungu cha kwanza kinamtaka kila mwananchi atenganishe taka zake katika mafungu saba, ili Mamlaka ipate kitu cha kuchanganya. Nilikiandika mwenyewe, na hadi leo nikikisoma mwili unanisisimka.

Kisha tukaagiza mashine. Ilifika kwa malori mawili, ikiwa ya kijani kibichi, inang'aa kama bibi harusi. Tuliilisha mchanganyiko mbele ya maafisa wote, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Hapo ndipo tulipofungua kitabu chake na kusoma kwamba inakula plastiki ya aina moja tu, iliyooshwa na kukaushwa. Mashine haijaharibika, na ninawaomba wananchi waache kusema hivyo. Iko katika kipindi cha kutafakari. Kwa sasa mlinzi huanika fulana zake juu yake, na zinakauka vizuri.

Wakati huohuo, tulipata habari za mhalifu katika mtaa wa Chechelesi.

Mhalifu huyo ni mama anayeitwa Nakiru. Nyuma ya nyumba yake tulimkuta na pipa la chuma juu ya moto, mti mrefu wa kukorogea, na rundo la kila plastiki ambayo mji huu umewahi kutupa. Aliyeyusha yote pamoja, akatia mchanga wa laga, ule mto mkavu, akakoroga mpaka mikono ikamuuma, kisha akamimina katika sanduku la chuma na kuliacha siku mbili. Kilichotoka kilikuwa nguzo nyeusi ya ua. Mchwa waliijaribu wakashindwa. Rafiki yake Amino, anayeuza maziwa ya ngamia yanayotoka Kulamawe, alimpa mitungi yake iliyopasuka, kwa hiyo nguzo hizo zilinukia kidogo moshi wa kufukizia mitungi, na maziwa. Niliigonga nguzo moja, nikaipiga teke. Ilikuwa imara kabisa, na hilo ndilo lililotutia wasiwasi.

Kosa lake lilikuwa kuchanganya bila kibali. Nilimsomea Mwongozo wote akiwa amesimama, kurasa arobaini, kisha tukachukua pipa. Kesho yake alifika ofisini.

"Habari ya kazi, mkubwa."

"Nzuri, mama. Umeleta sampuli ya bidhaa?"

"Pipa si mlibeba? Sampuli nitapikia wapi, kwa sufuria ya ugali?"

"Bila sampuli hatuwezi kutoa leseni."

"Na bila leseni?"

"Bila leseni huruhusiwi kutengeneza sampuli."

Alinitazama kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. "Sasa hiyo ni kitu gani, mkubwa?"

"Huo ni utaratibu, mama. Rudi kesho."

Alirudi kesho. Alirudi kwa miezi minane, na ninampongeza kwa nidhamu hiyo. Alikuwa na haraka zake, kama wananchi walivyo. Shule moja ya Kipsing ilikuwa imemwagiza nguzo mia mbili, kwa sababu mchwa walikuwa wamekula ua wao mara mbili na fisi walikuwa wakikatiza uwanjani mchana kweupe. Wanawake watatu waliofanya kazi naye walikuwa wamerudi kuchoma makaa. Mwalimu mkuu alimpa hadi shule ifunguliwe. Baada ya hapo angetafuta mtu mwingine, na Nakiru angebaki na sanduku tupu la chuma. Haya yote aliniambia, nami niliyaandika katika daftari la mambo yatakayoandikwa.

Ndipo ikaja barua kutoka Nairobi. Wafadhili wangetutembelea siku ya Alhamisi kuona bidhaa ya kwanza.

Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Bonaya, ni mtu mzito kwa hadhi na kwa kilo. Aliniita Jumatatu asubuhi.

"Kaberia, tuna bidhaa?"

"Tuna Mwongozo, mkuu."

"Mgeni anaweza kukalia Mwongozo?"

"Ukikunjwa mara mbili, mkuu, labda mgeni mwembamba."

Hakucheka. Mheshimiwa akiacha kucheka, ofisi nzima hupata baridi, hata hapa Isiolo. Aliniagiza nitafute bidhaa kwa njia ya ushirikiano wa sekta mbalimbali. Jioni ile nilikuwa Chechelesi, kofia mkononi.

Nilimweleza Nakiru kwamba Mamlaka, kwa ukarimu wake, iko tayari kumkopesha pipa. Akauliza ni pipa gani. Nikasema ni lile lake. Amino, aliyekuwa ameketi pale akiosha mitungi, alicheka mpaka akamwaga maji.

"Wallahi, Nakiru, bahati yako! Serikali inakukopesha kitu yako!"

"Nitengeneze nini?" Nakiru akaniuliza.

"Benchi refu la watu wanne. Leseni utakabidhiwa Alhamisi, mbele ya wageni. Neno langu."

"Neno yako naijua. Ni kesho."

Lakini alikubali. Niliona jinsi alivyoligusa pipa lilipoteremshwa, kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe, na kwa muda mfupi nilijisikia vibaya. Nilitoka hapo haraka.

Kulikuwa na mambo mawili madogo ya kitaalamu. La kwanza ni mchanga. Kifungu cha saba kinasema wazi kwamba bidhaa ya plastiki iwe ya plastiki. Mchanga ni madini, na madini yana ofisi nyingine, ambayo haijibu barua zetu. Niliuondoa mchanga. Nakiru alisema mchanga ndio unaoshika plastiki isilegee, nami nikamwambia kwamba kinachoshika kila kitu ni sheria. La pili ni muda. Mwanasheria wetu, Bi. Tache, alitumia Jumanne nzima na nusu ya Jumatano kuandika mkataba wa kukopesha pipa, kwa hiyo benchi lilimiminwa Jumatano alasiri. Alhamisi alfajiri tulifika na gari kulichukua.

Nakiru alisimama mbele ya sanduku la chuma, mikono kiunoni.

"Mkubwa, hii benchi ni nene. Inje imeshikana, lakini ndani bado ni uji. Iache ilale hapa hadi Jumamosi."

"Wageni wanafika saa nne."

"Basi waione tu. Mtu asiikalie."

"Mama, benchi lisilokaliwa lina manufaa gani?"

Nililiandika hilo katika kumbukumbu za mkutano: Fundi ameshauriwa apunguze hofu. Watu wanane walilitoa sandukuni na kulipakia. Lilikuwa zuri ajabu, jeusi, lenye michirizi ya bluu ya mabeseni na mdomo mmoja wa ndara uliojitokeza pembeni kama unatabasamu. Nilijivunia kama nimelizaa.

Wageni watatu kutoka Nairobi waliketi chini ya hema kwenye viti vya kukodi. Benchi tuliliweka juani, ili picha zitoke vizuri. Baada ya maombi mawili, ya Waislamu na ya Wakristo, tuliketi juu yake sisi wanne: Mheshimiwa Bonaya, mimi, Bi. Tache, na Mwiti wa ununuzi, ambaye ndiye aliyenunua mashine. Umati ulipiga makofi. Wanawake wa Chechelesi walikuwepo, Nakiru akiwa mbele yao na Amino ubavuni mwake, amebeba maziwa ya wageni.

Mfawidhi wa sherehe alianza kutambua waliohudhuria. Aliwatambua wote. Aliwatambua hata waliotuma udhuru. Kwaya ya kwanza ikaimba, ya pili ikaimba, na jua la saa sita likapanda likatukalia utosini. Wakati huo wote nilihisi chini yangu ujoto mwanana unaonipokea taratibu. Nilidhani ni fahari. Nilitazama kulia nikaona Mheshimiwa amekuwa mfupi kuliko kawaida yake, lakini hadhi ya mtu haipimwi kwa urefu.

"Kaberia," Bi. Tache akaninong'oneza, "hii benchi inanichoma."

Nilichukua hatua mara moja. Nilimwita dereva wetu, Lodio, nikamwagiza amwage maji baridi.

"Nimwagie nani, mkubwa?"

"Umwagie mradi!"

Kutoka kwenye umati Nakiru alipiga kelele, "Usimwage! Wainuke kwanza! Ikipoa itawashika!" Alikuwa mtaalamu, bila shaka, lakini hakuwa kwenye ratiba. Lodio alimwaga mitungi mitatu. Benchi likasema shhhh, likatulia. Nasi tukatulia.

Mfawidhi akamwita Mheshimiwa Bonaya ahutubie taifa.

Mheshimiwa aliinuka nusu, akarudi. Alijaribu tena, huku uso umemwiva. Benchi liliguna lakini halikumwachia. Nilijaribu mimi, nikagundua kwamba mimi na benchi tulikuwa tumekuwa taasisi moja. Suti yangu ya bluu, niliyoshonewa kwa ajili ya siku ile, ilikuwa imeingia ndani ya plastiki hadi kiunoni. Mwiti alianza kuomba kwa Kimeru.

"Leo," akasema Mheshimiwa kwenye kipaza sauti alicholetewa, "nitahutubu nikiwa nimeketi, kwa unyenyekevu."

"Buda, hao wazee wamekwama mbaya!" kijana mmoja akapaza sauti. "Wamegeuzwa bidhaa!"

Kicheko kilichofuata kilisikika sokoni. Mimi sijawahi kusikia Isiolo ikicheka kwa lugha zote kwa mara moja: Waborana, Waturkana wa mjini, Wasomali, Wameru, na mlinzi wetu mwenyewe, ambaye nimemwandikia barua ya onyo. Wageni walipiga makofi wakidhani ni onyesho la uimara. Mmoja alisema hajawahi kuona viongozi wakijitolea namna hii kwa mradi. Kisha wakaalikwa chakula, wakaenda.

Lodio alivuta mikono ya Mheshimiwa mpaka saa yake ikamchomoka mkononi. Hakuna kitu. Akaleta panga.

"Simama!" akasema Bi. Tache, ambaye hata akikwama hubaki mwanasheria. "Kifungu cha kumi na mbili. Mtu yeyote asiye na leseni hatakata, hatapasua wala hatayeyusha bidhaa ya plastiki. Faini au jela, au vyote viwili."

Lodio alilitupa panga kama nyoka. "Nani aliandika hiyo, madam?"

Nilijifanya narekebisha tai. Sote tulijua.

"Nani ana leseni?" akauliza Mheshimiwa.

Ilibidi nimwambie ukweli. Katika miaka mitatu Mamlaka haijatoa hata moja. Tulikuwa bado tunaboresha fomu. Polepole, tukigeuza shingo tu, sote wanne tulimgeukia Nakiru.

"Mama Nakiru," nikasema kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nimchumbie mke wangu, "njoo utukate."

"Leseni iko?"

"Hii ni dharura, mama."

"Nikikata bila leseni ni jela. Ulinisomea mwenyewe, nikiwa nimesimama, kurasa arobaini. Mimi naogopa serikali, mkubwa."

"Leseni utapata kesho." Naapa sikukusudia. Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea.

"Sawa," akasema Nakiru, akijifunga leso vizuri. "Basi mimi nitarudi kesho."

"Nakiru, tembea pole pole," akasema Amino. "Hawa hawaendi mahali."

Mheshimiwa alinguruma jina langu. Ninyi mnaosema serikali ni nzito hamjawahi kuiona ikikaliwa na jua. Yaliyochukua miezi minane yalifanyika kwa dakika ishirini. Sampuli? Bi. Tache akaamua kwamba sampuli ipo na tumeikalia. Ukaguzi? Maafisa wanne wamekagua bidhaa kwa kina cha inchi sita. Siku tisini za kusubiri? Zimekwisha zamani, mara mbili na zaidi. Kwamba leseni lazima itiwe sahihi ofisini? Ofisi, akasema, ni mahali popote Mkurugenzi Mkuu anapoketi, na hakuna aliyewahi kuketi zaidi yake.

Fomu ilikuwa nyuma ya karatasi ya ratiba. Amino alisimama nyuma ya Bi. Tache akisoma kila mstari kwa sauti, ili Nakiru na umati wasikie.

"Ongeza pipa ni yake," Amino akaamuru.

"Limeongezwa."

"Ongeza mchanga."

"Mchanga una ofisi yake," nikasema.

"Ongeza mchanga!" akafoka Mheshimiwa.

"Na uandike hapa Isiolo ni Nakiru peke yake wa kuchanganya plastiki. Mwingine akitaka, awe nani, aombe ruhusa kwake."

Bi. Tache aliinua kalamu. Alitaka kusema kitu cha kisheria. Mwiti, ambaye jasho lilikuwa linamwingia machoni, alipiga ukelele, "Andika, dada! Andika tu!"

Muhuri nilikuwa nao mfuko wa kifuani, kwa maana simwamini mtu nao. Wino wake, kwa bahati mbaya, ulikuwa mfuko wa nyuma, chini ya plastiki. Nakiru alikwenda kwenye pipa lake, lililokuwa limeletwa kama pambo la sherehe, akapaka kidole masizi, akaupaka muhuri. Nikagonga. Haukuwahi kutoka safi hivyo. Aliishika karatasi ile kwa mikono miwili, na nikamwona akifuta macho kwa ncha ya leso, haraka, kabla umati haujamwona. Umati ulimwona. Wanawake wa Chechelesi walipiga vigelegele mpaka wageni wakatoka kwenye pilau kuangalia.

Kisha akaja. Nilitegemea msumeno. Amino na wenzake walituzungushia leso nne, mbili za maua na mbili za nukta, kwa heshima zote. Nakiru akatoa mkasi mdogo wa ushonaji, akakata suruali ya Mheshimiwa kuzunguka ukingo wa plastiki, polepole, kama anamnyoa. Mheshimiwa akainuka. Suruali ikabaki. Akanikata mimi, akamkata Mwiti, na kwa Bi. Tache akamega kipande cha gauni tu.

Bi. Tache alisimama amejifunga maua, akiwaza. Aliutazama mkasi, akalitazama benchi.

"Plastiki haijakatwa," akasema. "Amekata nguo. Kukata nguo hakuhitaji leseni."

"Ndio, madam," akasema Nakiru, akiikunja leseni na kuitia kifuani. "Mimi najua hiyo tangu asubuhi."

Tulirudi nyumbani kwa leso. Naomba magazeti yasizirudie zile picha.

Nguzo mia mbili zilifika Kipsing siku tatu kabla ya shule kufunguliwa. Ua umesimama, na fisi sasa wanazunguka kwa nje kama watu wanaosubiri huduma. Wale wanawake watatu waliacha makaa, wakaongezeka wakawa saba. Kwa upande wetu, Bi. Tache alisoma leseni upya akiwa amevaa gauni zima, na akathibitisha kwamba Mamlaka ya Taka Zenye Thamani haina ruhusa ya kuchanganya chochote. Kutafakari kwa mashine sasa ni halali. Tumefunga ua, tukashusha bendera, na wakurugenzi kumi na wanne wanasubiri maelekezo.

Jana nilikwenda Chechelesi kuomba ruhusa kwa niaba yao. Kulikuwa na foleni. Nilipokaribia niliiona ile bidhaa yetu ya kwanza, lile benchi, imehamishiwa kando ya ua wa Nakiru, na makalio yetu manne yamejichora juu yake, ya kina, laini, yaliyojaa maji. Mbuzi wa mtaa mzima walikuwa wakinywa. Amino anasema wanaipenda kwa ile harufu ya maziwa, na kwamba haivuji hata tone. Niliitambua sehemu yangu, ya pili kutoka kushoto. Mbuzi mwekundu na watoto wake wawili walikuwa wakinywa humo kwa raha, na sitaficha, nilivua kofia. Katika miaka yangu yote ya utumishi, hakuna mtu aliyewahi kufaidika na kiti changu.

Nakiru alikuwa akikoroga pipa. Alipokea barua yetu, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja.

"Umeleta sampuli, mkubwa?"

"Mashine imefungwa, mama. Sampuli tutatengeneza na nini?"

Alifikiri kidogo, kwa upole mkubwa, kisha akaniambia nirudi kesho.